Mama Mkwe Juu ya Magunia ya Magadi

Lori lilianza kuishiwa nguvu mwanzoni kabisa mwa mlima. Shem Were alikanyaga mafuta hadi mwisho, lakini mshale mdogo unaoonyesha presha ya turbo, kifaa cha kuipulizia injini hewa, ulipanda kidogo, ukatetemeka, ukarudi chini. Nyuma moshi mweusi ukajaa barabara. Alishusha gia, akashusha tena, na katikati ya mwinuko wa kwenda Kona Baridi injini ikazimika. Akavuta handibreki, akaruka chini, akasukuma mawe nyuma ya magurudumu kabla mzigo haujaamua kurudi Magadi kinyumenyume.

Ulikuwa mwaka wa 1974, mwaka wa ukame, na barabara ile ilikuwa tupu. Taniboi wake, msaidizi wa lori, alikuwa amebaki Magadi na malaria. Juu ya magunia ya magadi, chini ya mwavuli mweusi, alikaa mama mkwe wake, Mama Milcah.

Asiyejua mila za Wabukusu angeuliza kwa nini mama wa watu aanikwe juu ya magunia na kiti cha mbele kiko wazi. Shem hakuuliza. Mtu na mama mkwe wake hawakai kiti kimoja, hawashikani mikono, hawali wakitazamana. Mama alikuwa anatoka kwa mumewe aliyefanya kazi Magadi, akielekea Nairobi, mtaa wa Jamhuri, ambako binti yake Milcah, mke wa Shem, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Asubuhi Shem alimfungulia mlango wa mbele kwa adabu, macho pembeni. Mama akapita kwa adabu hiyo hiyo, akapanda nyuma, na wote wawili wakaridhika.

"Mama, gari imekataa kidogo," Shem alisema akilitazama gurudumu.

"Haya, mkwe," Mama alijibu akiitazama milima ya Ngong. "Tengeneza tu pole pole."

Rejeta ilikuwa inachemka. Shem alingoja, kisha akaimiminia mtungi mzima wa maji. Yakabaki yale ya chupa yake tu.

Injini inayotoa moshi mweusi ina mafuta ya kutosha ila inakosa pumzi, hilo alilijua. Alianza na chujio la hewa, akaligonga kwenye tairi, vumbi jeupe likamwagika kama unga. Akawasha, akajaribu kupanda. Lori likajikokota hatua chache, likafa. Akafungua bomba la kuingizia hewa, akapenyeza kidole, akakizungusha kile kifeni cha turbo. Kilizunguka laini bila kukwaruza popote.

"Wewe ni mzima," alikiambia.

Basi turbo ilikuwa inapuliza, ila upepo ulipotea kabla ya kufika kwenye injini. Kulikuwa na bomba la mpira lililopasuka mahali fulani, na ufa wa namna hiyo hujificha injini ikiwa imetulia. Hufunguka upepo unapokuwa mkali. Ilihitajika mtu wa kukanyaga mafuta huku yeye akisikiliza chini ya boneti. Aliweka jiwe kwenye kanyagio, likateleza. Akaweka lingine, nalo likateleza.

Mguu wa pili ulikuwepo, juu ya magunia. Lakini kumwambia mama mkwe akalie kiti cha mkwewe, kiti ambacho bado kina joto la mwili wake! Shem angeona heri alisukume lori kwa kifua hadi Ngong.

Kwa hiyo alihangaika peke yake, akikaza kila kibanio alichokifikia, na jua likawaka juu yao bila huruma. Huko juu kulikuwa kimya. Shem akauchukulia ukimya ule kuwa heshima.

Mwavuli ukaanguka barabarani.

Alingoja asikie Mama akiuitisha. "Mama? Mwavuli wako umeanguka."

Kimya. Alipanda juu macho yakiwa chini, kisha akayainua. Mama alikuwa amelala upande, midomo imepasuka, ngozi kavu na ya moto kama sufuria. Chupa yake ilikuwa tupu, na ndani yake hata unyevu haukubaki.

Shem aliogopa kuliko siku zote za maisha yake. Aliona mlango wa nyumba yake Jamhuri, Milcah akiwa na mtoto mikononi, na yeye akiteremsha maiti ya mama yake. Hapo mila ikamtoka kichwani yote. Alimfunga mgongoni kwa leso ya Mama mwenyewe kama mtoto mchanga, akashuka naye gunia kwa gunia.

Chini ya lori, kivulini, alikilaza kichwa cha Mama mkononi mwake. Alilowesha leso, akaiweka shingoni, akamnywesha kwa kifuniko cha chupa, tone kwa tone, akimwita. Muda ulipita. Kisha koo likameza.

"Nani ameshika kichwa changu?"

"Ni mimi, Mama. Unisamehe."

Mama akafumba macho. Shem alidhani amekasirika, kumbe alikuwa akinywa.

"Mama, kwa nini hukuniambia una kiu?"

"Na wewe mbona hukuniuliza?"

Machozi yalimtoka Shem, akayaacha yatoke. Mama aliyaona, akausogeza mkono wake taratibu, akauweka juu ya wake.

"Gari ina nini?" aliuliza baadaye, sauti ikiwa imerudi.

"Ni turbo, Mama. Inapuliza upepo, unapotea."

"Turbo ninayojua mimi ni ule mji wa huko karibu na Lugari."

Shem akacheka, akajikuta amesema, "Nataka mtu wa kukanyaga mafuta."

"Na hiyo ndiyo umeficha tangu asubuhi?"

Alimwinua, akamsaidia kupanda kwenye kiti cha dereva.

"Kanyaga! Achilia! Kanyaga tena!"

Injini ikanguruma. Shem alipitisha kiganja kando ya mabomba, na chini kabisa ya kona ya mpira, mahali jicho halifiki, upepo ukampiga kwenye kifundo cha mkono kwa mluzi mwembamba. Ufa ulikuwa wa urefu wa kidole. Mama alichana pindo la leso bila kuombwa. Shem akalizungusha, akafunga vipande vya blada, mpira wa ndani wa tairi, juu yake, akakaza kwa waya. Maji yaliyobaki Mama alimsukumia.

"Kunywa. Mtoto anataka baba pia."

Wakamaliza chupa moja wakipokezana. Lori lilipoondoka, mshale ulipanda na kubaki juu. Mama akiwa mbele, waliipita Kona Baridi, wakashuka Kiserian wakanywa maji hadi matumbo yakauma, wakashika Ngong Road, na karibu na Adams Arcade wakakata kuingia Jamhuri.

Milcah alikuwa mlangoni na mtoto. "Mama! Umekaa mbele na Shem? Watu wataongea nini?"

"Waongee. Mume wako amenibeba mgongoni. Sasa nitamwonea haya gani? Leta chakula, tutakula pamoja."

Walinawa, wakaketi. Shem hakujua macho ayaweke wapi, mwishowe akayaweka usoni mwa mama mkwe, uso uliooshwa vumbi na kupata nafuu. Ndipo akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu aoe: Milcah amefanana na mama yake, kuanzia paji la uso hadi kidevu, na mtoto amewafuata wote wawili.