Mtondoo Ulipoitika

Macho ya binti yangu yalikuwa yamevimba kwa siku ya tatu, na jua lilikuwa linazama nilipotoka kwenda kuchuma majani ya mtondoo. Kisiwani kwetu mti huu hauna cha kutupa: mbao zake huundiwa mashua, kokwa zake hukamuliwa mafuta ya kuwashia taa na ya kuchulia viungo, majani yake hulowekwa tukapata maji ya kuoshea macho. Hayo nimeyafundisha darasani miaka kumi na minane. Kuyachuma sikuwahi. Kazi hiyo ilikuwa ya marehemu mke wangu.

"Msomi, usiyavune kama mchicha," alinitania shemeji, mdogo wa marehemu. "Unataja kwanza ni ya nani. Kisha unachuma, unaondoka."

"Kwani mti una masikio?"

"Wewe taja tu, shemeji." Hakucheka.

Mti ulikuwa umechanua. Harufu tamu, nzito. Hakuna upepo. Niliona haya kusema na mti, nikanong'ona upesi, nikimtaja binti yangu kama ninavyomwita tangu azaliwe:

"Ni ya mama."

Nyuma ya shina, mtu akaitika.

"Abee..."

Taratibu, akiivuta mwishoni. Sauti hiyo niliishi nayo miaka kumi na sita, na nimeishi bila yake miezi kumi na moja.

Nilizunguka shina. Hapakuwa na mtu.

Nyumbani, shemeji aliyaloweka majani, akamwosha mtoto macho, akamlaza. Ndipo akaniuliza, "Ulisema ni ya nani?"

"Ya mama."

Bakuli likatulia mkononi mwake.

"Mama yupi, shemeji? Huyu... au yule uliyekuwa ukimwita hivyo hivyo?"

Akajitanda khanga, akatoka kwenda kumwita bibi mkamuaji mafuta, anayeujua mti ule kuliko sisi sote.

"Akiamka akakusemesha, usimjibu," alininong'oneza mlangoni. "Ukimjibu, umempokea."

Mtoto akafumbua macho. Meupe, hayana hata wekundu. Alinitazama uso, kisha kola ya shati.

"Umekonda," akasema polepole. "Nani anakupikia siku hizi?"

Kuna swali moja ambalo baba yeyote angeuliza: binti yangu yuko wapi?

Nje, nyayo za watu wawili zilikuwa zinakaribia, zikiharakisha.

Niliinuka, nikatia komeo mlangoni. Nikarudi, nikaketi ukingoni mwa kitanda.

"Hakuna," nikamjibu.