Majani ya Godoro

Kazi yangu jioni ile ilikuwa ndogo: kutundika mifuko ya majani tuliyopanda uyoga kwenye chumba cha giza kabla jua halijazama. Uani, wifi yangu alikuwa anakoroga pipa la majani makavu yanayochemka, mdomo haupumziki.

"Chemsha mpaka kila kilicho hai kife, wifi. Halafu kamua. Yakidondosha tone moja au mawili, hapo ndipo uyoga unapopenda. Yakitiririka, umepanda uozo."

Mvuke ulinuka dawa ya kuchua. Nilimuuliza majani kayatoa wapi, maana msimu ule yalikuwa hayapatikani hata kwa dawa. Akacheka. "We kula uyoga, shamba la nini?"

Chumba chenyewe kilikuwa cha nyuma, dirisha limezibwa kwa magunia. Wakati naolewa, mama mkwe alikuwa ameshazikwa. Nilichoambiwa ni kwamba aliugulia humo. Basi.

Nikatundika mfuko wa kwanza. Wa pili...

Mlango ukajifunga.

Polepole, bila upepo. Kisha nikasikia komeo likiingia kwa nje. Kacha.

"Wifi! Acha utani!"

Nikasukuma. Haukutikisika. Nje, mti wa kukorogea uliendelea kugonga pipa kana kwamba sijasema kitu. Dawa ya kuchua ikanijaa puani. Pumzi zikanibana, nikajua nitafia mle. Nilikuwa bado nimekumbatia mfuko wa pili. Tuliujaza jana, ulikuwa umepoa. Sasa ulikuwa na joto... halafu ukapanda, ukashuka.

Unapumua.

"Mwanangu," sauti ya kizee ikanong'ona kifuani pangu. "Wamenifungia."

"Na mimi nimefungiwa, mama." Sijui nilijibu kwa kinywa gani.

Mfuko ukapanda, ukashuka.

"Binti yangu yuko wapi?"

"Yuko... yuko nje."

Mlango ukafunguka.

Nilitoka kwa magoti. Wifi akaacha kukoroga. "Una nini?"

"Umenifungia kwa komeo!"

Uso ukamshuka. "Komeo gani? Tuliling'oa siku ya mazishi."

Nikageuka. Kweli, palikuwa na matundu ya misumari tu.

"Majani umeyatoa wapi, wifi?"

"Godoro la mama," akasema, macho chini. "Lilikuwa linaoza bure. Na kumfungia... alikuwa akitoka anapotea, tungefanyaje? Halafu si tumeyachemsha? Hakuna kinachobaki hai."

Ndani, mtu akaita taratibu, "Kifaranga..."

Sikuwahi kusikia jina hilo nyumbani kwetu. Wifi alilijua. Alidondosha mti, akatembea kuelekea mlangoni akiwa analia kama mtoto.

"Naja, mama."

Nilimkamata nguo, ikaniponyoka. Kacha.

Mume wangu alipofika aliupasua mlango kwa shoka. Dada yake alikuwa amekaa katikati ya mifuko, mzima, hana hata mkwaruzo. Tangu siku ile hajasema neno. Mifuko tuliichoma moto yote, na majani ya pipani tukayafukia mbali. Daktari anasema ni mshtuko, utapita. Mume wangu anasema tusiongee habari hizo.

Jana nilikuwa namlisha uji. Akanitazama kwa macho ya mtu aliye nyuma ya mlango, anayesubiri afunguliwe. Huruma ikanishika, nikamshika mkono, nikaubana kumpa moyo.

Ukadondosha tone moja la maji.

Halafu la pili.