Neno Alilochagua Teresina

Kila asubuhi kabla ya masomo, Teresina alikanyaga udongo. Alikunja gauni hadi magotini, akaingia shimoni pamoja na wanawake, wakakanyaga na kukanyaga mpaka udongo ukalainika kama ugali. Kisha akina mama waliujaza kwenye vibao vya kufyatulia matofali. Mama Kiden, jirani yao, ndiye aliyeanzisha nyimbo, na mikono yake ilikuwa imepasukapasuka kama ardhi ya kiangazi. Kazi ilipokwisha Teresina alinawa miguu, akaenda kukaa darasani.

Darasa lenyewe lilikuwa kuta nne na mbingu.

Ilikuwa mwaka 1974, chini ya mlima Kujur, mjini Juba. Vita vilikuwa vimekwisha, na watu waliokimbilia Uganda walikuwa wamerudi kwao. Wakubwa wa ofisi ya serikali waliwaambia, "Nyinyi jengeni kuta za shule, sisi tutaleta mabati." Watu wakajenga. Mabati hayakuja. Ndivyo yalivyo maneno ya wakubwa: kutoka yanatoka upesi, lakini njia ya kwa mtu mdogo hayaijui. Na kuta zile zilikuwa za udongo mtupu, bila saruji. Mvua ikitangulia mabati, jasho lote la watu lingerudi kuwa tope.

Aliyeudhika kuliko wote alikuwa Laku, baba yake Teresina. Mkewe alizikwa Uganda, kambini. Siku aliyokufa, dawa ilikuwamo kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda harusini. Tangu hapo Laku hakumwamini mtu yeyote anayekaa nyuma ya meza.

Siku moja zikaja habari kwamba khawaja mmoja, mama wa Kizungu aitwaye Bi Astrid, atapita kuwatazama watu waliorudi. Alitoka katika shirika la misaada. Ofisi iliahidi kuleta mkalimani. Khawaja alifika, mkalimani hakuonekana. Mwalimu Fortunato naye alikuwa kitandani, malaria imemkamata.

"Teresina si yupo?" alisema Mama Kiden. "Huyu amesomeshwa na masista kule Arua, Uganda. Kiingereza kwake ni maji ya kunywa."

Laku akavimba kifua. Akamsogeza binti yake mbele ya watu wote.

"Mwambie hivi," alisema kwa sauti kubwa, kidole juu. "Hatukuja kuomba. Tuliambiwa tujenge, tumejenga. Sasa tunadai mabati tuliyoahidiwa. Usipunguze neno!"

Teresina alimtazama Bi Astrid, viatu vyake safi na tabasamu lake la upole. Akamtazama baba yake, shati limechanika kwapani, anapayuka kama mtu anayegombania kuku sokoni. Uso ukamwaka moto. Aliona haya.

Maneno aliyajua. Lilikuwapo "demand", la kudai, lakini kwa masista msichana aliyesema neno hilo alipigishwa magoti kwenye kokoto. Lilikuwapo "ask", la kuomba tu, nalo aliliona kavu. Na lilikuwapo "beg", la kuomba kwa unyonge. Msichana aliyeinamisha kichwa na kusema "beg" alipewa peremende.

Teresina akainamisha kichwa. "We beg you for help, madam," alisema taratibu.

Macho ya Bi Astrid yakajaa huruma. Akamshika bega, akamsifu kwa jinsi anavyojua Kiingereza.

"Amesemaje?" Laku aliuliza.

"Amesema amesikia, Baba."

Na ni kweli alikuwa amesikia. Ndivyo uongo unavyotembea; huazima nguo za kweli.

Juma lililofuata lori lilifika. Watu walilikimbilia kwa vigelegele. Turubai lilipofunuliwa, ndani hamkuwa na bati hata moja. Yalikuwamo marobota ya nguo kuukuu kutoka ng'ambo. Laku alipewa koti zito la sufu, lenye kola ya manyoya, katika joto lile la Juba.

"Teresina!" Paulino, mwanafunzi mwenzake, alimwita akicheka. "Mabati yenu siku hizi yana vifungo?"

Watoto wakacheka. Watu wazima hawakucheka. Mama Kiden alilikunja gauni alilopewa, akalirudisha juu ya robota. "Mimi siyo ombaomba," alisema. "Mikono hii imefanya kazi."

"Mmeona?" Laku alifoka. "Tumedai haki yetu, wametutupia matambara! Yule khawaja ni wale wale tu. Amekula nao sahani moja."

Watu wakamlaani Bi Astrid, wakailaani na ofisi. Teresina alisimama katikati yao, akawaacha wamlaani.

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha, adhuhuri, wanafunzi wakiwa darasani wakijisomea. Walikimbilia chini ya mwamba wa mlimani. Kutoka pale waliiona pembe ya ukuta ikilegea, ikainama, ikaanguka taratibu kama mzee anayekaa chini. Mama Kiden alikuja akasimama mvuani kuitazama. Teresina hakuweza kumtazama usoni.

Mvua ilipokatika alikwenda nyumbani kwa Mwalimu Fortunato, ambaye sasa aliweza kukaa kitini.

"Mwalimu, 'ask' na 'beg' na 'demand', si maneno ya ukoo mmoja?"

"Ya ukoo mmoja, ndiyo, lakini hayakai nyumba moja," alijibu mwalimu. "Wa 'ask' amesimama sawa na mwenzake. Wa 'beg' amepiga magoti. Wa 'demand' amenyoosha kidole, na mara nyingine kidole hicho huziba masikio ya anayeambiwa. Liko na 'claim'. Huyo ananyoosha mkono kupokea kilicho chake. Ulichanganya lini, binti yangu?"

Machozi yakamtoka. "Sikuchanganya, Mwalimu. Nilijua. Nilichagua."

Mwalimu alitikisa kichwa. "Basi hilo halina dawa kwangu. Nenda kwa baba yako."

Laku alikuwa uani akinoa jembe. Teresina alimweleza yote, macho chini. Jembe likaacha kulia.

"Uliona haya kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, Baba."

Heri angempiga. Hakumpiga. Alikaa tu, jembe mapajani, na mara akaonekana mzee.

"Nami nimemtukana yule mama mbele ya watu," alisema mwishowe. "Kesho utakwenda kuwaambia wenzako shimoni. Halafu twende kwake."

Asubuhi, mbele ya wanawake wote, Teresina alisema, "Mimi ndiye niliyewafanya ombaomba."

Mama Kiden alimtazama kutoka juu hadi chini. "Miguu ya udongo, ulimi wa peremende!" alisema. Kisha akashusha pumzi. "Nawa miguu. Nami naja."

Walimkuta Bi Astrid kwenye nyumba ya shirika. Safari hii Teresina hakuinamisha kichwa. Alisema kwa Kiingereza kwamba alichagua neno baya kwa kumwonea haya baba yake. Kwamba watu hawa hawakuomba sadaka. Waliahidiwa mabati wakijenga, nao wamejenga. "We claim them," alimaliza.

Bi Astrid aliuliza nani aliyeahidi. Laku akamtaja, bila kupayuka. Yule mama akachukua kofia yake, akatangulia kwenda ofisini. Na mabati yalikuwa wapi? Ghalani! Yamelala vumbini, yakimngoja mkubwa apate nafasi ya kutia sahihi.

Yalifika siku hiyo hiyo. Watu waliusimamisha upya ukuta ulioanguka, wakaezeka kabla mvua kubwa hazijaanza.

Siku walipopigilia msumari wa mwisho, Laku aliwaita watoto chini ya paa jipya.

"Wakubwa wana makosa yao ya kutosha," alisema. "Nitayasema mpaka nife. Lakini tusiwatwike na yetu. Safari hii lori lile la nguo nililileta mimi kwa kupayuka kwangu, na mwanangu kwa neno lake. Anayepewa kusema kwa niaba ya watu amebeba mzigo wa watu. Hana ruhusa ya kuufungua njiani, akatoa kinachomtia haya na kuweka kinachomletea sifa."

Haya ilikuwa bado ipo, lakini Teresina alimtazama baba yake machoni.

"Na kama neno la baba lina makali mno?" aliuliza.

Watoto wakageuka kumtazama Laku. Alikuna kidevu chake.

"Mwambie baba yako," alisema. "Lakini mwambie yeye kwanza, kabla hujamwambia mgeni."