Skrubu za Dirisha la Magharibi

Saa nane mchana, mwanzoni mwa Oktoba mwaka jana, feni ya mezani ilibaki moja katika duka la Gaspar, sokoni Mpanda. Mikono miwili iliishika kwa pamoja.

Mmoja ulikuwa wa Joséline, karani wa ushirika wa wafuga nyuki, mwenye gauni la kitenge cha njano na jasho puani. Mwingine ulikuwa wa Fabiani, injinia wa umeme, shati limenyooshwa kama la siku ya Komunyo.

"Dada, mimi nimeshika kichwa."

"Na mimi nimeshika waya. Kichwa bila waya kinafanya kazi gani, kaka?"

"Nyie amueni," Gaspar alisema. "Mimi nauza feni, siuzi kesi."

Fabiani aliachia. "Chukua. Ila nipe namba, nijue kama imezunguka."

"Namba ya feni?"

"Ya mwenye feni."

Jioni alipiga. "Inazunguka?"

"Inazunguka vizuri. Wewe umelalaje bila feni?"

"Hata sijalala bado, ni saa moja."

"Basi pole ya mapema."

Mwaka uliofuata walikuwa wachumba katika kila kitu isipokuwa kimoja: Fabiani hakuwa amejitambulisha kwa kina Joséline. Familia ya Joséline ilitoka Burundi zamani na kupata uraia, na baba yake, mzee Siméon, alikuwa na mizinga na shamba Kabungu. Kwake hakuna uchumba mpaka kijana afike na mzee wa upande wake, akae, aulizwe. Siku ilipangwa: Jumamosi ya pili ya Oktoba.

Mwezi Juni ushirika ulihamia jengo jipya la ghorofa tatu, vioo mbele na nyuma. Meneja, bwana Silvester, aliogopa bili ya umeme, na hakuwa amekosea kuiogopa. Alimpa Fabiani kazi ya kuibana. Fabiani alipima joto Julai yote, mwezi ambao watu wa Mpanda huvaa sweta hadi saa nne asubuhi. Vipimo vilikuwa safi. Alifunga viyoyozi vyote kwenye nyuzi ishirini na saba na rimoti akazifungia kabatini. Madirisha aliyakaza kwa skrubu ili ubaridi usitoroke. Feni za mezani zilipigwa marufuku.

Oktoba ilifika na joto lake, kama inavyofika Katavi kabla ya mvua. Jumatatu, walinzi walipita ofisi kwa ofisi wakikusanya feni zilizokuwa zimefichwa. Ya Joséline ilitolewa chini ya meza.

Akapiga simu.

"Fabi, uko wapi?"

"Niko chini kwenye swichi, mpenzi."

"Usiniite mpenzi. Panda juu."

Alipanda na kipimajoto mkononi. Joséline alikuwa amesimama nyuma ya kaunta na koti la bluu la sare, vifungo vyote vimefungwa kama kanuni ilivyotaka. Jua la alasiri lilipiga kioo cha magharibi na kumwangukia begani.

"Mfumo unasoma ishirini na saba," Fabiani alisema.

"Unasoma wapi?"

"Koridoni."

"Mimi nakaa koridoni?"

Aliweka kipimajoto mezani kwake, wakasubiri. Kilipanda hadi thelathini na tatu.

"Kioo kinachangia," alisema.

"Umepanda ngazi zote hizo kuja kuniambia kioo kinachangia? Romana mwenzangu ana mimba ya miezi saba. Nenda umwangalie. Kakaa kwenye ngazi na mafaili mapajani, kwa sababu sakafu ya pale ina ubaridi."

"Jose, umeme huu unalipwa na wafugaji. Kila uniti tunayochoma ni asali ya mtu. Hata ya baba yako."

"Hilo nakubali."

Mlango wa meneja ukafunguliwa. Ubaridi ulitambaa hadi kwenye vifundo vya miguu yao. Bwana Silvester alitoka amevaa sweta, akachukua chai, akarudi ndani.

Joséline aliutazama mlango, kisha akamtazama Fabiani.

"Chumba chake hakimo kwenye mfumo wako?"

"Aliomba."

"Akaomba, ukampa. Na sisi hatukuwa na midomo?" Sauti yake ilishuka badala ya kupanda. "Kwetu mzinga ukipata joto, nyuki wanakaa mlangoni wanapepea. Nyie mmetukazia mlango kwa skrubu, halafu mkachukua na mabawa."

"Tuongee nyumbani. Kazi ni kazi."

"Mwanaume anayenifungia dirisha la ofisi bila kuniuliza, nyumbani atanifungia nini? Jumamosi usije Kabungu."

Jioni Fabiani alipiga, simu haikupokelewa. Alipiga tena. Mara ya tatu ilipokelewa.

"Jose, hesabu zangu hazina kosa."

"Sijasema zina kosa. Kesho njoo ukae kwenye kiti changu mchana wote. Na koti. Na tai."

"Ili iweje?"

"Ili upime."

Alikuja. Joséline alikaa pembeni, mikono kifuani, akimwelekeza kazi. Kufikia saa tisa kola ya Fabiani ilikuwa imelowa na kalamu ilimteleza vidoleni. Mzee mmoja kutoka Sitalike aliuliza mara mbili uzito wa asali yake uliopokelewa.

"Nimeshakwambia, mzee! Huna masikio?"

Fabiani, ambaye Joséline hakuwahi kumsikia akipaza sauti, aliangalia meza.

"Shikamoo, mzee wangu. Nisamehe," alisema, na akamsomea uzito upya, polepole.

"Marahaba, kijana. Ni joto," mzee alisema.

"Mimi nakaa hapa kila siku na sijawahi kumfokea mtu," Joséline alisema. "Andika hilo kwenye vipimo vyako."

Fabiani alivua koti. Alishuka, akarudi na bisibisi, akaanza kutoa skrubu za dirisha la magharibi. Ya nne ilipodondoka, meneja alitoka.

"Injinia! Unafanya nini? Bili yangu!"

"Bili yako iko chumbani kwako, bwana meneja. Ishirini na saba inabaki. Lakini watu wapate pangaboi juu na pazia kwenye kioo hiki, na koti la sare livuliwe. Asubuhi madirisha yawe wazi. Na mashine yako inaingia kwenye mfumo leo."

"Nitamwita injinia mwingine."

"Mwite. Nilipima Julai nikawapangia watu Oktoba, na sikumuuliza hata mmoja. Kosa hilo ni langu, nalirekebisha mwenyewe."

Bwana Silvester alitazama ukumbi. Romana alikuwa amesimama mlangoni, mafaili mkononi. Nyuma yake walisimama wengine. Meneja alirudi chumbani kwake, na mlango akauacha wazi.

Feni zilirudishwa. Fabiani alichomeka ya Joséline mwenyewe.

"Bado nina hasira," Joséline alisema.

"Najua. Nifanye nini?"

"Hujui. Lakini sasa unauliza." Alichukua simu, akampigia baba yake. "Dawe, shikamoo. Jumamosi anakuja. Hapana, sijamsamehe yote. Mkalishe, umuulize. Akikujibu tu bila yeye kukuuliza kitu, mrudishe Mpanda."

Jumamosi, mzee Siméon alipanga viti uani Kabungu. Fabiani alikuja na baba yake mdogo, ambaye njia nzima alimkumbusha kwamba mchumba hasemi mpaka asemeshwe. Walipokaribishwa, Fabiani alibaki wima. Jua lilikuwa limezunguka nyumba na kufika kwenye viti.

"Mzee," alisema, "wewe ungependa tukae upande gani?"

Baba mdogo akamkanyaga mguu. Joséline, mlangoni, alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Mzee Siméon aliangalia jua, kisha akamwangalia kijana.

"Kivulini," alisema.

Wakahamisha viti.