Muzito Ni Nani?

Shakuru alimkanyaga Sijaona mguu katikati ya soko la Ruvumera, saa ya watu kusukumana, na badala ya kuomba radhi akabaki kumkodolea macho. Sijaona alikuwa amevaa kitenge cha njano kilichombana kiunoni, mwili umejaa, ushungi umeteleza nyuma, jasho likimeremeta shingoni.

"We kaka, umenikanyaga halafu unaniangalia tu?"

"Pardon, chérie. Mi nilitaka kupita, macho ikakatala."

"Fundi wa magari na mudomo namna hii!" Sijaona akacheka, maana oili ya mikononi ilikuwa imeshamtaja.

Ndivyo walivyoanza. Kila Ijumaa baada ya swala walikwenda kula samaki wa mukeke wa kuchoma, sahani moja, Shakuru akimtolea miiba.

"Kula, roho yangu. Mi napenda mwanamuke mwenye anajaza mulango."

Sijaona akajiona malkia, na nani asingejiona?

Ilipobaki kidogo wazee wa Shakuru waje kuposa, Sijaona alimpelekea chakula gereji, kule Buyenzi. Akamkuta kando ya pickup kuukuu ya buluu, amempa mgongo, simu sikioni, anazungumza na Loïc, fundi mwenzake.

"Apana, Loïc, mi nimechoka na ule mama. Amekuwa muzito sana, hata kilima kidogo anahema. Nitamuacha nitafute mwepesi."

Mafundi wa Buyenzi huita kila gari kuukuu "mama", na kwa Kiswahili cha pale gari na mtu hupewa maneno yale yale. Sijaona alilijua hilo tangu utotoni. Lakini mtu aliyekwisha kujishuku husikia jina lake popote. Akarudi nyumbani na kikapu chake, analia barabarani bila aibu.

Hakumuuliza. Angeuliza tu, mjinga wa watu! Alikwenda Nyakabiga kwa Benite, msusi aliyeuza kichinichini sindano za kukondesha, kazificha kwenye friji nyuma ya chupa za Fanta.

"Si ni dawa ya wagonjwa wa sukari hii? Inaomba ordonnance, karatasi ya daktari."

"Ordonnance ya nini, dada? Kwani we uko mugonjwa? We unatafuta bwana. Choma kwa tumbo, utanishukuru."

Mwili ukayeyuka kweli. Harufu ya mukeke ikawa inamtapisha, naye akitoka kutapika anatabasamu mbele ya kioo. Ijumaa zikajaa visingizio. Mtaani, ambako habari za sindano hizo hazijafika, mwanamke akikonda ghafla ugonjwa ni mmoja tu, na hautajwi kwa sauti. Wanawake walinong'ona bombani hadi maneno yakamfikia mama yake Shakuru, naye akazuia posa. Sijaona akaenda kupima, akakutwa hana kitu. Mama mkwe akasema karatasi za hospitali siku hizi zinanunuliwa.

Shakuru akapiga simu.

"Sijaona, nambie kweli. Uko mugonjwa? Mi nitakuoa na ugonjwa yako, wallahi."

"Siko mugonjwa. Nilikusikia na Loïc. Mama amekuwa muzito, unatafuta mwepesi. Basi, nimechoma sindano, nimekuwa mwepesi."

Shakuru akapiga kelele.

"Astaghfirullah! Ile ni pickup, Sijaona! Ile pickup ya buluu! Niliiuzisha!"

Hakukata hata simu. Alikuja mbio na ovaroli yake ya kazi, akamkuta mlangoni, kitenge kile cha njano kimezungushwa mara mbili na bado kinateleza. Akamshika mkono, machozi yakamtoka.

"Nilishagombana na mama, imeisha. Baba mukubwa na wazee wanakuja Jumapili, mama atake asitake. Acha hiyo sindano, chérie. Kula, urudi vile ulikuwa."

Yote aliyoyalilia yalikuwa yamesimama mbele yake, yananuka oili. Sijaona alimwamini, neno kwa neno. Alijua sasa kwamba hakuna aliyewahi kumwita muzito, na moyo ulimuuma kwa kumpenda. Akainamisha macho, akautazama mkono wake ndani ya kiganja cha Shakuru, mifupa imechomoza, ngozi imelegea. Akaona pale juu ya kiwiko bado kuna nyama.

"Waambie wangoje kidogo, mupenzi," alimwambia kwa upole. "Nipunguze tena kidogo tu, halafu mukuje."