Aliyeacha Chaja

Jumamosi saa moja asubuhi, Ustadh Abdulshakur alifungua madrasa yake pale Runzewe, akakuta kishikwambi cha kufundishia hakipo. Mlango haukuvunjwa, ufunguo hukaa chini ya ndoo ya udhu, na kila mtu anajua. Saa mbili walinzi wa sungusungu walikuwa wamemfunga kamba Onesmo, fundi simu, kwa kuwa jana alikuja kutengeneza spika ya kishikwambi hicho. Walitaka kumpeleka polisi.

Kamanda wao, Maduhu, alivua viatu akaingia kwanza.

"Kuna kingine kilichoibwa?"

"Marufaa. Kile kibao cha kuwekea msahafu. Kishikwambi tulikiegemeza hapo."

"Na chaja ile ukutani?"

"Imebaki."

"Fundi simu aache chaja, abebe ubao?"

"Labda alikuwa na haraka."

"Mwenye haraka habebi mbao, Ustadh."

Nje, Bi Zamoyoni muuza maandazi, mwanafunzi wa darasa la akina mama, alikuwa akimnywesha Onesmo chai.

"Mfungueni mtoto wa watu! Hana kosa."

"Shikamoo, bibi. Umejuaje?"

"Marahaba." Chai ikamwagikia kanga yake.

"Bibi, twende kwako," Maduhu alisema taratibu.

Nyumbani kwake, kishikwambi kilikuwa juu ya kabati, juu kuliko vyombo vyote, kimekaa kwenye marufaa, kimefunikwa kanga safi.

"Kina maneno ya Mungu ndani," bibi alinong'ona. "Ningekiweka chini?"

"Umeiba kwa adabu," Maduhu alisema.

"Lakini kwa nini?" Ustadh aliuliza. "Nilikileta kiwasaidie."

"Nikisoma, kinasema kosa. Nikirudia, kosa. Meno ya mbele sina, Ustadh! Wewe ulijua, ukaningoja, ukaniuliza na habari za mguu wangu unaouma. Kilipokuja hicho, ukahamia barazani na simu yako. Nataka kumaliza juzuu moja kabla sijafa, na mtu anisikie. Nilitaka kukificha wiki moja tu. Sikudhani mtamkamata mtu. Nilikuja kusema, ulimi ukagoma."

Onesmo, aliyekwisha kufunguliwa kamba, alisugua viganja.

"Bibi, ungeniambia jana. Spika ile ningeiacha mbovu."

Maduhu alicheka hadi akaegemea mlango. Ustadh hakucheka. Aliteremsha marufaa, akakiacha kishikwambi kabatini, akaketi mkekani, akafungua msahafu.

"Soma."

Bibi alijikwaa mstari wa kwanza. Akainua macho.

"Kosa?"

"Sijasikia vizuri," Ustadh alisema, akimsogelea. "Rudia polepole. Na mguu, unaendeleaje?"