Nafasi ya Dorcas

Kila Jumamosi, wauzaji wa soko la Wetherley wakianza kufunga meza zao, Tamsin Oldroyd na mdogo wake Jethro walikwenda mandari na baba yao. Njia ilikuwa ileile. Walinunua pai za nyama sokoni, wakafuata mto, wakapanda kilima chenye magofu ya ngome, wakala huku upepo ukiwapokonya karatasi, kisha wakateremkia kwa punda wa Bi Hesketh. Watoto wengi wa mji wetu hupenda ngome. Tamsin aliivumilia tu, ili afike kwa punda.

Punda walikuwa wawili, Dorcas na Pilgrim. Dorcas alikuwa kizee mwenye sikio moja lililolegea. Pilgrim, aliyekuwa mdogo, alimfuata kila alikokwenda, na hata kwenye hori walikula bega kwa bega, Dorcas kulia, Pilgrim kushoto. Bi Hesketh aliuza chai katika kibanda kando ya uzio. Alikuwa mjane, na punda hao ndio waliokuwa watu wake wa nyumbani. Hakumkataza mtoto yeyote kuwapapasa. Ombi lake lilikuwa moja tu, nalo liliandikwa kwenye ubao: "Tafadhali msitulishe."

Ijumaa moja ya joto, baba alikata majani ya bustani yao. Tamsin akayaona yalivyo laini na mabichi, akamkumbuka Dorcas na meno yake mabovu. Akajaza mfuko wa plastiki, akaufunga vizuri na kuuficha nyuma ya baiskeli. Kesho yake, baba alipokuwa kwenye foleni ya chai, Tamsin akautoa ndani ya begi lake.

"Ubao umesema wasilishwe," Jethro alisema.

"Ubao unawasema watu wa mikate na chipsi. Haya ni majani. Au ulitaka wale pai yako?"

"Nitamwambia baba."

"Mwambie, mbea we. Na mimi nitamwambia nani aliyevunja kioo cha bafuni."

Jethro akanywea. Tamsin akatia mkono mfukoni. Majani yalikuwa ya moto, na yalinuka uchachu kidogo, lakini hakujali. Punda walikula wakamaliza. Dorcas ndiye aliyekula zaidi, kwa kuwa Tamsin alimpenda zaidi.

Jumapili baba aliwapeleka kupiga makasia mtoni. Waliporudi wakakuta watu wamesimama kwenye uzio wa Bi Hesketh. Dorcas alikuwa amelala ubavu, tumbo limevimba, jasho linamtoka. Pilgrim alisimama karibu naye, akijigeuza kutazama tumbo lake mwenyewe na kupiga kwato chini. Daktari Pryce, daktari wa mifugo, alikuwa amepiga magoti.

"Wamekula nini?" daktari aliuliza. "Mkubwa hali yake imeshakuwa mbaya mno. Lakini huyu mdogo naweza kumwahi, nikijua nashindana na nini."

"Nyasi kavu tu," Bi Hesketh alisema. "Juzi nilifungua robota jipya la nyasi. Lazima lilikuwa na ukungu, na macho yangu haya hayakuona. Nimewaua kwa mkono wangu mwenyewe."

Akautazama ule mkono kama wa mtu mwingine.

Tamsin aliyakumbuka yale majani. Hakuna aliyejua ila Jethro, na Jethro alikuwa na kioo chake cha kuficha. Angeweza kwenda nyumbani akanywa chai yake. Lakini Bi Hesketh alikuwa bado anausugua ule mkono kwenye aproni, anausugua tu, na Tamsin hakuweza kuendelea kuutazama. Akapenya katikati ya watu.

"Si robota, Bi Hesketh. Ni mimi. Jana niliwapa majani ya bustani yetu, mfuko mzima."

"Tamsin," baba yake alisema.

"Yalikatwa lini?" daktari aliuliza.

"Ijumaa. Yalikuwa ya moto ndani ya mfuko."

"Basi yalikuwa yamechacha. Yanajaza gesi tumboni, na punda hawezi kutapika." Daktari alikwishasimama, anakimbilia gari lake kuchukua mpira wa kupitishia dawa.

Pilgrim alitibiwa hapohapo, akapona. Kwa Dorcas daktari alitikisa kichwa tu. Alimchoma sindano ya kumpumzisha, na Bi Hesketh akamshikia lile sikio lililolegea mpaka mwisho.

"Msimwondoe haraka," daktari alisema. "Mwacheni mwenzake amwone. Asipomwona, atamtafuta mpaka naye aache kula."

Pilgrim akaja polepole. Akamnusa, akamsukuma kichwa kwa pua ili aamke, akamsukuma tena. Kisha akasimama tu pembeni yake. Tamsin alilia kifuani kwa baba yake, na baba hakumwambia anyamaze.

Kuanzia Jumatatu, baba alimruhusu Tamsin apite pale kila atokapo shule, kwa sababu Pilgrim hakutaka kula akiwa peke yake. Punda huyo alilia mpaka sauti yake ikasikika sokoni. Siku za mwanzo Tamsin na Bi Hesketh hawakuzungumza. Walikaa tu. Hatimaye Tamsin akasema, "Nilitaka kumfurahisha, Bi Hesketh."

"Najua, mwanangu. Na sitakudanganya kwamba si kosa lako. Ni lako. Ukimpenda mtu, au mnyama, muulize kwanza anayemjua. Mapenzi peke yake hayajui kilicho sumu." Akampapasa Pilgrim shingoni. "Lakini siku ile ungefunga mdomo, ningezika wawili, na ningeingia kaburini nikiamini niliwaua mimi. Ulisema ukweli mbele ya watu wote. Hilo nalo ni lako. Yabebe yote mawili."

Tamsin akaitikia kwa kichwa. Akachukua nyasi kavu alizopewa na Bi Hesketh, akazitandaza kwenye hori lote. Pilgrim akaja, akaanza kula taratibu. Alikula upande wa kushoto tu. Upande wa kulia hakuugusa.